George Inn ya Southwark, London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jengo lake

Ndugu na marafiki wanaofika London, huwa nawapeleka George Inn kabla ya mahali pengine popote. Tukishasimama pale uani, maswali ni yale yale kila mara: mbona jengo limekatika, mbona dari ni fupi, ni kweli Shakespeare alikunywa hapa? Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake, ili anayekuja peke yake asiondoke bila kuelewa alichokiona.

George Inn ni nini hasa? Baa, hoteli au makumbusho?

Leo ni baa inayouza chakula na vinywaji. Lakini haikujengwa iwe baa. Ilijengwa iwe kile ambacho sisi tungekiita stendi. Chukua stendi ya mabasi ya mikoani: abiria wanashuka na kupanda, mizigo inapimwa na kupakiwa, chini kuna mahali pa kula, juu kuna gesti ya aliyekosa usafiri wa usiku. Sasa toa mabasi, weka magari ya kukokotwa na farasi, kisha weka mazizi na shehena za nyasi kavu mahali pa kituo cha mafuta. Hiyo ndiyo George ya karne ya 17 na ya 18. Ukiitazama kama baa, utashangaa kwa nini imekaa vile. Ukiitazama kama stendi, kila kitu kinajieleza chenyewe.

Waingereza wa zamani walitofautisha nyumba hizi. Kulikuwa na kilabu cha kawaida cha pombe ya shayiri, mara nyingi sebule tu ya mtu aliyepika pombe yake mwenyewe. Kulikuwa na nyumba ya mvinyo, kwa wenye uwezo zaidi. Na kulikuwa na gesti kubwa ya barabarani, iliyompa msafiri kitanda na farasi wake zizi. Siku hizi zote zinaitwa baa, lakini kuta zake bado zinasema kila moja ilikuwa nini. George ni ya aina ya tatu.

Iko wapi? Nilipita barabara hiyo sikuiona.

Wengi hawaioni. Iko Borough High Street, kusini mwa mto Thames, hatua chache kutoka stesheni ya London Bridge. Barabarani utaona maduka na lango la kuingilia uani, basi. Jengo lenyewe limelala ndani, likienda mbali na barabara badala ya kuitazama.

Hilo lina sababu yake. Katika miji ya zamani ya Uingereza, viwanja vya barabara kuu vilikatwa vyembamba mbele na virefu kwenda nyuma, maana kila mfanyabiashara alitaka walau kipande cha mbele. Mwenye gesti hakuwa na haja ya upana barabarani. Alihitaji mlango wa kupitisha gari la farasi, kisha nafasi kubwa nyuma. Kwa hiyo jengo likarefuka kuelekea ndani, likazunguka ua.

Kwa nini ilijengwa hapo Southwark na si katikati ya mji?

Kwa sababu ya daraja. Kwa karne nyingi London Bridge lilikuwa daraja pekee la kuvukia Thames mjini, mpaka lile la Westminster lilipofunguliwa mwaka 1750. Kila aliyetoka kusini, kutoka Kent, Sussex, Canterbury au bandari ya Dover, alipita njia hii moja. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba na limejaa nyumba juu yake. Magari makubwa ya mizigo yalipata tabu kuvuka, kwa hiyo safari nyingi zilianzia na kuishia upande huu wa mto.

Ndiyo maana barabara hii ilijaa gesti. John Stow, aliyeandika habari za mji wa London mwaka 1598, alizitaja kwa majina zikiwa zimefuatana kando ya njia: Spur, Christopher, Bull, Queen's Head, Tabard, George, Hart, King's Head. Zilikuwa kama stendi nane kwenye barabara moja. Leo imebaki moja tu, nayo haijabaki yote.

Jengo lina umri gani?

Gesti iliyoitwa George ilikuwapo hapa tangu karne ya 16, kama si kabla. Lakini jengo unaloliona ni la baada ya moto wa Southwark.

Watu huchanganya moto huu na ule mkubwa wa London wa 1666. Ule uliunguza upande wa kaskazini wa mto. Wa Southwark ulikuja miaka kumi baadaye, Mei 1676, ukateketeza karibu nyumba 500, na George ikiwamo. Mwaka uliofuata ikajengwa upya palepale, kwa ramani ileile ya zamani ya ua na roshani. Mwenye nyumba angeweza kujenga kwa mtindo mpya. Alirudia mpango wa zamani kwa sababu ulikuwa unafanya kazi.

Zile roshani ndefu za mbao ni za nini? Ni pambo?

Hapana, zilikuwa njia za kupita.

Fikiria gesti za kwetu za mtindo wa zamani: vyumba vimepangwa mstari, milango yote inatazama ua, na mbele ya milango kuna veranda ndefu. Ukitaka kwenda chumbani kwako unapita mbele ya milango ya wenzako. George ni hivyohivyo, ila veranda zimepanda juu, moja ghorofa ya kwanza na nyingine ghorofa ya pili. Hakuna haja ya kupoteza nafasi ya ndani kwa korido yenye giza. Kila chumba kinapata mwanga na hewa ya nje, na mwenye gesti akisimama uani anaona nani ametoka na nani ameingia.

Roshani zilikuwa na faida nyingine. Gari la farasi likiingia na abiria na masanduku juu ya paa, wapokeaji walikuwa juu wakiangalia chini, na mtu aliweza kuita jina la ndugu yake kabla hajashuka. Katika gesti za aina hii, hata michezo ya kuigiza ilichezwa uani. Jukwaa la muda liliwekwa chini, maskini wakasimama mbele yake, na waliolipa zaidi wakakaa roshanini. Kumbi za kwanza za maigizo za London zilifuata umbo hilo: uwanja wazi katikati, roshani pembeni.

Ukifika, sogea karibu utazame kizuizi cha roshani. Kimeundwa kwa vijiguzo vifupi vinene vya mbao vilivyokerezwa, vyenye tumbo katikati na shingo juu, vimesimama karibukaribu kama watoto wa shule kwenye mstari. Fundi alivikereza kimoja kimoja kwa chombo cha kuzungushwa kwa mguu au kwa mkono. Ukivitazama kwa muda unaona havilingani sawasawa: kimoja kimenenepa kidogo, cha pili shingo yake imekuwa ndefu. Mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika jengo hili. Humjui fundi jina, lakini mkono wake unauona.

Mbona iko upande mmoja tu? Pande nyingine zilikwenda wapi?

Hili ndilo swali kubwa, na linalonigusa kila ninapoulizwa.

George ilikuwa na pande tatu zilizozunguka ua, zote na roshani zake, na nyuma kulikuwa na ua wa pili wenye mazizi na mahali pa magari. Kilichobaki ni upande wa kusini peke yake. Pande mbili zilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19, na aliyezibomoa ni kampuni ya reli.

Kisa chenyewe kilianza mapema. Mwaka 1836 stesheni ya London Bridge ilifunguliwa, jirani kabisa na gesti hizi. Safari ya gari la farasi iliyokula siku nzima, treni ikaimaliza kwa saa chache. Abiria wakahama. Stendi bila abiria ni ua mtupu wenye gharama ya kuezeka. Gesti moja baada ya nyingine ikageuzwa ghala, karakana au vyumba vya kupanga. Tabard ilibomolewa katika miaka ya 1870, na White Hart ikafuata mwaka 1889.

George ikawa mali ya kampuni ya Great Northern Railway, iliyoitumia kama depo ya mizigo. Kampuni ilihitaji maghala kuliko roshani, kwa hiyo ikabomoa pande mbili na kujenga maghala. Upande wa tatu ulinusurika kwa sababu bado ulikuwa na wateja wa kinywaji.

Simama katikati ya ua, uupe mgongo upande uliobaki. Unachokiona mbele yako ni majengo ya baadaye. Hapo ndipo palipokuwa na milango na roshani zikikutazama. Wageni wengi huupiga picha upande uliobaki na kuondoka. Naomba ugeuke walau mara moja.

Imejengwa kwa vifaa gani?

Mbao na matofali ya kuchoma, na vigae juu. Sehemu ya upande uliobaki ina roshani za mbao, na sehemu nyingine ni ukuta wa matofali wenye madirisha ya vioo vidogovidogo, kila kioo kimeshikwa na fremu yake nyembamba ya mbao. Mafundi wa enzi hizo hawakuweza kutengeneza kioo kikubwa kwa bei nafuu, kwa hiyo dirisha lilishonwa kwa vipande.

Baa za zamani zaidi katika miji ya Uingereza zimejengwa kwa kiunzi cha mwaloni, mti mgumu wa Ulaya. Namna ya kuujaza ukuta wake itamshangaza mtu wa kwetu: walisuka fito kati ya nguzo, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, wakamalizia kwa chokaa. Aliyekulia kwenye nyumba ya fito na udongo anaijua kazi hiyo. Tofauti ni ukubwa wa mti na namna ya kuunga. Nguzo na boriti ziliungwa kwa ulimi na tundu, kisha zikafungwa kwa misumari ya mbao. Ile rangi nyeusi na nyeupe watu wanayoidhani ndiyo ya asili, mara nyingi ilipakwa katika karne ya 19. Kabla ya hapo mwaloni uliachwa ukageuka kijivu wenyewe.

Kwa nini dari ni fupi hivi? Watu wa zamani walikuwa wafupi?

Hilo ni jibu ambalo kila mtu analo, na si sahihi. Tofauti ya urefu kati yao na watu wa leo haikuwa kubwa kiasi hicho. Dari fupi ni hesabu ya moto. Chumba kilipashwa kwa meko moja, na joto hupanda juu. Dari ikiwa ndefu, joto linakaa mahali ambapo hakuna mtu. Tena ukipunguza urefu wa kila ghorofa, unapata ghorofa tatu pale ambapo mwingine angepata mbili, na kila ghorofa ni vitanda vya kulipiwa.

Na sakafu zilizolala upande?

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu kama chuma na patasi haipiti. Ukishajengewa ndipo unakauka, unajikunja na kuvuta viungo vyake. Ongeza miaka mia tatu ya uzito na ardhi inayoshuka taratibu. Jengo linajipinda mpaka linapata mkao wake, kisha linatulia. Sakafu iliyoinama si dalili ya kuanguka.

Ndani nitazame nini?

Vyumba vya chini vimegawanyika vidogovidogo. Usiisome hali hiyo kama msongamano, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na wateja wake: chumba cha wasafiri wa magari, chumba cha wachukuzi na madereva, chumba cha kahawa cha wenye fedha. Baa nyingi za Uingereza zilivunja kuta zake za ndani katika karne ya 20 zikawa ukumbi mmoja mkubwa, na pamoja na kuta hizo ikapotea namna ya kusoma nani alikaa wapi. Vyumba vidogo vya George kwangu ni hazina sawa na roshani.

Tafuta pia saa kubwa ya ukutani, wanayoiita saa ya Bunge. Mwaka 1797 Waziri Mkuu William Pitt alitoza kodi ya saa kwa sheria ya Bunge, na inasimuliwa kwamba watu wakaficha saa zao, wenye gesti wakatundika saa kubwa kwa ajili ya wote. Kodi ilifutwa mwaka uliofuata. Saa za namna hii zilikuwapo kwenye gesti miongo mingi kabla ya kodi hiyo, kwa hiyo jina limekuja baadaye. Sababu yake ya kweli ni ya stendi: gari linaondoka saa fulani, na abiria lazima wote waone saa moja.

Kaunta imekuwapo tangu mwanzo?

Hapana. Kaunta ndefu ya kusimama na kuagiza ni kitu cha karne ya 19. Kabla yake ulikaa mezani, kijana akashuka chumba cha chini kwenye mapipa, akakuletea. Kilichobadilisha mambo ni bomba la mkono la kuvuta bia kutoka chini, ambalo Joseph Bramah alipata hataza ya aina yake mwaka 1797. Bia ikaweza kupanda bila mtu kushuka, na muuzaji akasimama mahali pamoja.

Ni kweli Shakespeare alikunywa hapa?

Katika jengo hili, hapana. Alifariki mwaka 1616, na jengo hili ni la baada ya moto wa 1676. Kwamba alipita mtaa huu ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa Globe, ukumbi ambako maigizo yake yalichezwa, ulikuwa Southwark hiihii.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, ni habari nyingine. Mwaka 1824, akiwa mtoto wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea, barabara hiihii. Mtaa huu aliujua kwa uchungu, na George ameitaja katika maandishi yake.

Kwa nini kila baa ya Uingereza ina kibao chenye picha?

Mwaka 1393, wakati wa Mfalme Richard wa Pili, iliagizwa kwamba anayepika pombe ya kuuza atundike alama nje, ili wakaguzi wa pombe wajue pa kuingia. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama ikawa picha. Ya hapa ni Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza, yule anayechorwa akipigana na joka.

Nani anaimiliki, na inaweza kubomolewa?

Tangu mwaka 1937 ni mali ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo na ardhi za kihistoria. Lilikabidhiwa na kampuni ya reli ya wakati huo, warithi wa walewale waliobomoa pande mbili.

Jengo pia limeorodheshwa Daraja la I, la juu kabisa kati ya madaraja matatu ya ulinzi ya England. Majengo ya daraja hilo ni kama asilimia 2.5 tu ya yote yaliyoorodheshwa. Maana yake ni kwamba huwezi kubadilisha hata mlango wa ndani bila kibali, na kufanya hivyo ni kosa la jinai.

Kuna nyingine kama hii?

London hakuna tena. Ukitaka kuona ua uliokamilika, nenda Gloucester ukaitazame New Inn, iliyojengwa na watawa wa abasia ya Mtakatifu Petro katikati ya karne ya 15 kwa ajili ya mahujaji waliokuja kwenye kaburi la Mfalme Edward wa Pili. Ukiingia uani unazungukwa na roshani, na papo hapo unaelewa George ilivyokuwa kabla ya kukatwa.

Ukienda Nottingham utaonyeshwa Ye Olde Trip to Jerusalem, iliyoandika mwaka 1189 ukutani. Tarehe hiyo ichukue kama tangazo. Jengo ni la karne ya 17, ila vyumba vyake vya nyuma vimechongwa ndani ya mwamba wa ngome, na hivyo vinatosha kumfurahisha mtu bila kuongezewa miaka. Na ukitaka kuona baa iliyojengwa iwe baa ya fahari tangu siku ya kwanza, Philharmonic Dining Rooms ya Liverpool, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 kwa michoro ya Walter W. Thomas, ina vioo vya rangi, mozaiki na shaba iliyofuliwa. Ni dunia tofauti kabisa na ya George.

Mimi sinywi pombe. Naweza kuingia?

Bila shaka. Wengi ninaowapeleka hawanywi. Kutazama ua ni bure, na ndani unaweza kuagiza chai, kahawa, soda au chakula. Watoto wanaingia wakiwa na mtu mzima. Kama hutaki kukaa mahali penye pombe, meza za uani zinakuwezesha kuliona jengo lote bila kuvuka kizingiti.

Nina nusu saa tu. Nifanyeje?

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla ofisi za jirani hazijatoka kula. Pita langoni polepole, ukikadiria upana wake kwa gari la farasi wanne. Tembea mpaka mwisho wa ua, kisha geuka na urudi ukiangalia juu: roshani ya kwanza, roshani ya pili, vigae. Halafu ingia ndani, chagua chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ua, na ukae pale alipokaa abiria wa Dover akisubiri kusikia kwato.